Muhuri wa Duka la Kumi na Nne

Kila siku akitoka shule, Chinami Kitagawa alivua viatu mlangoni, akamimina chai ya shayiri, kisha akakaa pembeni ya meza ya mama yake kufanya hesabu. Nyumba yao ilikuwa juu na ofisi ya mama ilikuwa chini. Mlango wa ofisi ulitazama mtaa wa maduka wa Nagahama, mji ulio kando ya ziwa huko Japani, mtaa wenye paa refu juu, ambako hata mvua ikinyesha watu wanasimama kupiga soga bila haraka. Katika mtaa ule hakuna aliyenunua soksi mpya bila jirani kujua.

Kila Desemba, watu wakianza kujiandaa kwa Mwaka Mpya, mtaa ulipata mgeni mwingine, nao ni uvundo. Ulitoka duka la mwisho, kwa Babu Yasuji Kitagawa. Yeye aliwapakia samaki wa ziwani ndani ya mapipa ya mbao pamoja na chumvi na wali, akawakandamiza kwa mawe, akawaacha wachachuke mwaka mzima. Alipofungua mapipa yale, harufu ilikuwa kama maziwa yaliyoganda ndani ya kiatu cha mvua. Wenyewe wanaiita funazushi, na wapo watu wanaosafiri mbali kuifuata. Chinami alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuelewa watu hao wana pua za namna gani.

"Funga dirisha, Mama. Nitatapika kwenye daftari."

"Funga mwenyewe. Halafu njoo hapa, nina kazi ya kukupa."

Kazi ya mama yake, Kazue, ilikuwa kutunza tovuti za wenye maduka. Kompyuta kubwa zenyewe, yaani seva, zilikuwa Osaka, lakini aliyezichunga alikuwa yeye. Maduka kumi na manne ya mtaa ule yalikuwa wateja wake.

"Ijumaa saa sita mchana paneli ya zamani inafungwa," alisema. Paneli ni ule ukurasa wa ndani ambao mwenye tovuti huingia kubadilisha picha, kuweka matangazo na kufungua barua za wateja. "Walioitengeneza wameacha kuirekebisha. Tukiendelea nayo, wezi wa mtandaoni watajikaribisha wenyewe. Paneli mpya inataka kila mtu aweke nenosiri jipya, refu. Asiyeweka kabla ya Ijumaa, sanduku lake la barua linafungwa. Anayemwandikia atarudishiwa barua yake."

"Si umeshawaandikia?"

"Mara tatu! Bi Tokie kinyozi alinijibu kwa picha ya paka."

Sasa, mtaa ule ulikuwa na ubao wake wa mzunguko. Tangazo lilibanwa juu ya ubao, ubao ukapita duka hadi duka, na kila mwenye duka akapiga muhuri wa jina lake kuonyesha kwamba ameupata, akampelekea jirani. Kusoma lilikuwa jambo la hiari. Wapo waliopiga muhuri huku macho yakiwa kwenye televisheni.

"Kwa hiyo safari hii utaubeba wewe," mama alisema. "Mtu aweke nenosiri mbele ya macho yako. Umtumie barua moja ya majaribio. Ikifika, ndipo apige muhuri. Umenielewa? Muhuri maana yake kazi imekwisha." Akampa muhuri wa nyumbani, wenye jina lao Kitagawa, apige mstari wa kwanza kama mfano. Chinami akapiga, akautia muhuri mfukoni.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano alizunguka na rafiki yake Shiori, na kusema kweli alifanya kazi nzuri. Kwa Bi Tokie peke yake walitumia saa nzima.

"Weka jina la mbwa wangu," alisema Bi Tokie, mkasi hewani, mteja akiwa na povu kidevuni.

"Ni fupi, Bi Tokie. Na usilitangaze, watu wote wanasikia."

"Basi ongeza la yule mbwa aliyekufa."

"Bado fupi."

"Ongeza la mume wangu wa kwanza. Huyo naye alikuwa mbwa tu."

Duka zima likacheka, na yule mteja akapuliza povu hadi kwenye kioo. Barua ya majaribio ilifika, muhuri ukapigwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa muuza chai, kwa fundi miwani, na kwa wazazi wa Shiori wenye duka la keki za maharage. Alhamisi jioni likabaki duka moja tu, la kumi na nne.

Shiori alisimama hatua ishirini kabla ya mlango, akaziba pua. "Mimi sifiki. Na wewe ukiingia humo, kesho darasani usikae karibu nami. Unakumbuka Kenshin? Koti lake lilinuka siku moja tu, wakamwita Pipa mpaka akahama shule."

"Ni dakika kumi tu," alisema Chinami.

Alisukuma mlango. Hewa ya ndani ilikuwa nzito, chachu, yenye kuingia mpaka kooni. Babu Yasuji alitoka nyuma, mikono imemlowa hadi kwenye viwiko kwa uji wa kijivu wa wali uliochachuka. Tone moja zito lilidondoka kwenye soksi nyeupe ya Chinami.

"Ah, binti wa Kazue! Karibu, karibu! Njoo uone pipa la mwaka huu!" Alipiga kelele kama kawaida yake, maana masikio yake yalikuwa mazito. Simu ya duka aliiondoa mwaka juzi kwa sababu hiyo, na oda zake zote zilikuja kwa baruapepe.

Mate yalimjaa Chinami mdomoni. "Nitarudi, Babu!" alisema, akatoka mbio akiwa amekunja uso.

Nje alivua soksi na kuitupa kwenye pipa la taka. Shiori alicheka mpaka akainama. Kisha Chinami akatazama ubao. Mstari wa mwisho uliandikwa: Kitagawa. Hawakuwa ndugu, jina hilo mtaani lilikuwa na nyumba nne. Na muhuri wenye jina hilohilo ulikuwa mfukoni mwake.

"Nani atajua?" alinong'ona Shiori.

Chinami akaupuliza muhuri, akapiga. Ulitoka mwekundu, safi, wala haukupinda.

Ijumaa paneli ilibadilishwa. Mama alimnunulia Chinami keki yenye stroberi juu, akawaambia wateja wote kwamba binti yake amefanya kazi ya mtu mzima. Chinami alikula nusu. Nusu ya pili ilikataa kushuka.

Jumanne iliyofuata alipitia kwa Bi Tokie kumpelekea barua ya mama yake. Bi Tokie alikuwa ananyoa na kusimulia kwa wakati mmoja, na watu wanne waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wameegemea mbele wasipitwe na neno.

"Mzee Yasuji kwisha habari yake! Tangu Ijumaa hajapata oda hata moja. Hata moja! Na hii ndiyo wiki yake, watu wanaagizia Mwaka Mpya. Kafungua mapipa mawili, na samaki akishatoka pipani hasubiri. Jana nimemkuta kakaa gizani. Ananiambia, 'Tokie, watu wamenichoka. Wameikimbia harufu yangu.' Kesho asubuhi anaita gari la taka. Anafunga duka."

"Miaka mingapi?" aliuliza mtu.

"Hamsini na mmoja. Na baba yake kabla yake."

Chinami aliiacha barua juu ya kiti, akakimbia nyumbani. Pale mtaani palikuwa na uvundo uleule, lakini sasa kichefuchefu kilikuwa kinatoka kwake mwenyewe, kama mtu aliyemeza kitu kilichooza na anakijua.

"Mama, Babu Yasuji hapati oda."

"Najua. Nimetoka kwake asubuhi, aliniuliza kama kuna hitilafu." Mama alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Nilitazama ubao, nikaona muhuri wake upo. Nikamwambia mitambo ni mizima. Nikamwambia, pole Babu, labda mwaka huu watu hawaagizi tu. Zama zinabadilika."

Chinami alishika ukingo wa meza. "Muhuri ule ni wangu."

Vidole vya mama vikasimama.

"Sikuingia. Niliingia kidogo, nikatoka. Palikuwa pananuka, Mama, likanidondokea lile... Nikapiga wa kwetu."

Mama alifungua orodha ya paneli mpya, akashuka nayo hadi chini. Sanduku la Babu Yasuji lilikuwa na alama nyekundu: limefungwa. Akamtazama binti yake kwa namna ambayo Chinami hakuwahi kutazamwa, kama mtu anayetazama kitu kilichobaki kwenye sinki.

"Unajua nimefanya nini? Nimemwambia mzee wa watu kwamba hatakiwi. Kwa mdomo huu. Na mimi nilipaswa kuangalia seva, nikaangalia karatasi. Vaa viatu."

Babu Yasuji walimkuta amepiga magoti, anawatia samaki kwenye mifuko myeusi. Mifuko mitatu ilishajaa. Chinami alisimama mbele yake, akasema kwa sauti ndogo, "Babu, nimekuja kuomba radhi. Muhuri nilipiga mimi."

"Nini?"

"Muhuri nilipiga mimi."

"Sema kwa nguvu, binti, hili sikio la kushoto limekufa!"

"NILIPIGA MUHURI MWENYEWE! SANDUKU LAKO LA BARUA LIMEFUNGWA! ODA ZINARUDISHWA!"

Mtaani nje hatua zikasimama. Bi Tokie alishatokeza na mkasi wake, na nyuma yake wale wanne, mmoja amenyolewa nywele upande mmoja tu.

Babu Yasuji alijifuta mikono polepole. "Kwa nini?"

Chinami alitazama chini. Uongo ulimjia, mzuri tu, kwamba alichelewa, kwamba alisahau. Akauacha. "Kwa sababu hapa pananuka! Nilishindwa kukaa!"

Hakuna aliyecheka, hata Bi Tokie.

"Kunuka najua," alisema Babu. "Marehemu mke wangu alinitengea bafu langu peke yangu. Lakini siku nne hizi nimekaa humu nikijinusa mikono. Nikajiuliza, leo nimekuwa uchafu kiasi gani, hata watu walionijua miaka thelathini wamenikimbia?"

Chinami akalia. Mama hakumbembeleza. Alimwonyesha kompyuta iliyokuwa kwenye kona, yenye vitufe vilivyoganda utelezi, akasema, "Fanya ulichotumwa."

Chinami akakaa. Vitufe vilinata kwenye vidole, naye akavuta pumzi kwa mdomo. Alimwelekeza Babu kuweka nenosiri refu, akageuza uso mzee alipokuwa akiliandika. Akatuma barua ya majaribio, ikafika. Mama akafungua nakala ambazo seva ilikuwa imezihifadhi kabla ya kuzirudisha, na barua zikaanza kuingia, moja juu ya nyingine, mpaka zikafika sitini na tatu.

"Soma moja," alisema Babu. "Kwa nguvu."

"'Mzee Kitagawa, baba yangu yuko hospitali na hataki chakula chochote isipokuwa samaki wako. Tafadhali nijibu.' Hii ni ya Jumamosi. Halafu ameandika tena Jumapili. Na jana."

Babu Yasuji alisimama, akaanza kufungua mifuko myeusi. Lakini waliokwisha kuingia humo hawakufaa tena kuuzwa; zaidi ya mia moja walikwenda na gari la taka, na hilo hakuna nenosiri lililoweza kulirekebisha.

Kwa kuwa Babu hasikii simu, Chinami ndiye aliyewapigia wote walioandika, kwa simu ya mama yake. Siku tatu mfululizo baada ya shule alikaa mle ndani, akijitaja jina, akisema kosa lilikuwa lake, akiandika oda upya. Wengine walimfokea. Mmoja alimkatia simu mara mbili. Darasani Shiori alihamisha kiti chake kweli, na kuna aliyesema "Pipa" nyuma yake. Chinami alirudi dukani mlemle.

Siku ya tatu, kifurushi cha mwisho kilipofungwa, Babu Yasuji alikata kipande chembamba cha samaki, mayai yake ya rangi ya machungwa yakiwa katikati, akakiweka kwenye kisahani. Chinami akakitia mdomoni. Alijitahidi. Akahesabu mpaka nne, kisha akakitema kwenye karatasi, macho yakitoka machozi.

"Samahani, Babu. Siwezi. Ni kibaya sana!"

Babu Yasuji akacheka mpaka akashika meza. "Usiombe samahani. Hapo umetema mbele yangu, nimeona kwa macho, na wala sijaumia. Ile Alhamisi ulinitema nyuma ya mgongo wangu, halafu ukaandika kwamba umekula. Kuchukia kitu ruhusa, binti. Ungemwambia mama yako, 'Sitaweza kwa yule mzee, ananuka,' angekuja mwenyewe, nami nisingejua lolote. Lakini ukisema kazi imefanyika wakati haijafanyika, kuna mtu mahali fulani anakuamini, na yeye ndiye anayelipa."

Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. "Sikia hayo, Chinami," alisema. "Na mimi nimesikia."

Chinami alinywa vikombe vitatu vya chai kuondoa ladha mdomoni, kisha akauliza kama kesho kuna vifurushi vingine vya kufunga.