Timazi Apanda Mlimani

Mama alikuwa fundi cherehani, na mumewe alikuwa mwashi. Mtaa mzima ulimwita mumewe Timazi, kama ile kamba yenye risasi ambayo mafundi hupimia ukuta. Mzee huyo hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda akanyamaza. Hata kwenye misiba alinyoosha shingo kukagua kuta za watu. Mama alikuwa akimfinya mkono ili atulie.

Siku moja binti yao alipiga simu. Alikuwa ameolewa mbali, kwenye mji wa wachimba madini, juu kabisa mlimani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume.

"Baba, mjukuu wako anakusubiri!"

"Kesho tunakuja," Timazi akajibu.

"Baba, huku ni juu sana. Lala njiani kwanza, upumzike."

"Nilale njiani nimekuwa mgonjwa? Mwanangu, mimi nimebeba saruji mgongoni maisha yangu yote!"

Waliondoka alfajiri kwa basi. Kwao kulikuwa na joto. Basi lilipanda, likapanda, likazunguka kona baada ya kona. Mama alichungulia dirishani, akashika kifua. Mawingu yalikuwa chini yao! Yalitanda bondeni kama pamba iliyomwagwa. Mbele yao ulisimama mlima mweupe kileleni, unang'aa mpaka macho yakauma.

"Jamani, jamani!" alisema. "Ile ndiyo theluji?"

Timazi hakuiona. Alikuwa amefumba macho, ameshika paji la uso.

"Unaumwa?"

"Ni kelele za injini tu."

Jioni walifika. Mama alipanda ngazi chache za nyumba ya binti yake, akahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Alicheka, akakaa chini, akaomba maji. Kisha akawekewa mjukuu mapajani, naye akasahau uchovu wote. Timazi alimtazama mtoto, akatabasamu, lakini chakula hakukigusa.

Kulipokucha, mama alijisikia mzito kidogo, akapumzika. Mumewe je? Aliona ukuta wa uani umeinama. Basi, kazi ikaanza! Alivua koti, akaubomoa, akakoroga udongo wa saruji.

"Baba, pumzika kwanza," binti alimsihi.

"Nikipumzika nitaumwa. Jasho ndiyo dawa yangu."

Alitapika mara moja nyuma ya nyumba. Mama alipomuuliza, alisema ni mchuzi alioula stendi njiani. Kumbe kichwa kilikuwa kinamgonga kama nyundo tangu kwenye basi, na yeye amekaa nacho kimya. Aliona aibu. Mwanamume mzima alazwe na hewa ya mlimani?

Siku iliyofuata aliendelea kujenga. Mchana mama alimpelekea chai uani. Alisimama ghafla.

Mstari wa matofali ulikuwa umepinda. Haukupinda kidogo. Ulikwenda kama nyoka. Na Timazi alikuwa ameinama juu yake, anaweka tofali jingine, wala haoni.

"Mume wangu, hebu tazama mstari wako."

"Umenyooka," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. Aliinuka, akayumba, akashika hewa, akaketi kwenye udongo mbichi.

Mama aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Tangu amjue, mkono ule haukuwahi kupindisha hata tofali moja. Alipiga kelele.

Jirani alikuja mbio. Alikuwa nesi wa kituo cha afya cha mji ule.

"Shikamoo, mzee wangu. Hebu simama, nikushike mkono. Tembea, weka kisigino mbele ya vidole, hivi."

Timazi alijaribu. Alipinda upande, nesi akamdaka.

"Mzee, umeanza kuumwa kichwa lini?"

"Tangu njiani," akasema.

"Na hukusema!" mama akalia.

"Mama, utamgombeza baadaye," nesi alisema. "Sasa anashuka. Leo hii, sasa hivi. Hangoji kesho."

Walimpeleka kituoni, nesi akampa hewa ya oksijeni na dawa, akaita gari la wagonjwa. Mama na nesi walipanda naye. Mumewe alikuwa amelala, anataja majina ya watu waliokwisha kufa.

"Nesi, mwanangu, atapona? Niambie ukweli."

"Tumemwahi, mama. Tungechelewa, tungempoteza. Hewa ya huku ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko ya kwenu. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku kadhaa. Ukipanda kwa pupa na kufanya kazi ngumu, kichwa kinauma, unatapika, usingizi unakataa. Hapo usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, acha pombe na vidonge vya usingizi. Usipopata nafuu, shuka. Lakini mtu akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ubongo umevimba. Akikosa pumzi naye amekaa tu, mapafu yanajaa maji. Huyo anashushwa mara moja, na asiachwe peke yake."

"Lakini mume wangu ana nguvu!"

"Mlima hauulizi nguvu, mama. Vijana wa mpira huja hapa wakaanguka, bibi kizee akapita polepole bila shida."

Gari lilishuka. Mama alimshika mkono mumewe, akaomba Mungu kimoyomoyo. Kona baada ya kona, hewa ilizidi kuwa nzito. Na hapo akaona maajabu. Uso wa mumewe ulianza kupata rangi. Macho yakatulia. Kabla ya kufika hospitali ya mji wa chini, Timazi aligeuza kichwa, akamtambua.

"Mke wangu," alisema, "mbona unalia?"

Mama alifuta machozi. Hewa tu! Kitu kisichoonekana wala kushikika kilikuwa kimemchukua mtu wake, na sasa kimemrudisha.

Timazi alilazwa siku chache, akapona. Binti yao alishuka na mtoto kumwona.

Miezi ilipita, wakaamua kwenda tena. Safari hii walianza kwa daktari. Aliwapima, akampa Timazi vidonge vya kuusaidia mwili kuzoea, akawaambia wapande kwa vituo. Walilala kwenye mji wa chini. Asubuhi mizigo ilikuwa tayari, na binti alikuwa amepiga simu: mtoto ameanza kutambaa.

Timazi alikaa kitandani, kofia mkononi.

"Mke wangu, kichwa kinaniuma."

Mama alishusha mfuko begani. Machozi yalimlenga kwa furaha.

"Basi hatuendi leo. Mjukuu atatambaa na kesho."

Walibaki mpaka kichwa kikaacha kabisa. Walilala tena kituo cha pili, ndipo wakapanda mpaka kwa binti yao. Siku za kwanza Timazi hakushika hata mwiko wake wa uashi. Aliketi uani juani, mjukuu kifuani, anautazama ule mlima mweupe.

"Mlima huu ni mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mkubwa kweli."

Mama alikaa karibu yake. Hakuutazama mlima. Alikuwa anamsikiliza mumewe anavyopumua.