Mtoto wa Vitenge

Pulchérie aliuza vitenge katika soko la Gisenyi. Kila asubuhi alifagia mbele ya meza yake, akatandaza vitenge, akakaa kungoja wateja. Nyumbani aliishi peke yake. Mume wake na binti yao mdogo, Ineza, walifariki wakati wa vita. Upweke ni uvundo, na Pulchérie aliujua kila jioni alipopika chakula cha mtu mmoja. Pale sokoni tu ndipo watu walipomwita kwa jina.

Kila Jumanne alivuka mpaka kununua vitenge Goma. Akirudi alipita forodhani, akaonyesha mzigo, akalipa ushuru, akapewa risiti. Risiti zote alizitunza katika kopo la maziwa ya unga.

Mwaka 1997 wateja walianza kupungua. Kimenyi, mwenye kibanda cha simu, alikuwa amebandika vipande vya vitenge katika daftari. Mteja alichagua kipande, Kimenyi akapiga simu duka moja la Goma, na kesho yake kitenge kikafika. Watu walifurahi kununua bila kutembea. Tena bei yake ilikuwa chini kuliko ya sokoni.

Ilikuwa chini kwa sababu hakulipa ushuru. Aliwatuma wanawake wavivushe vitenge wamevibeba mgongoni kama watoto. Na nani atamfunua mtoto aliyelala?

Kampire, jirani wa Pulchérie pale sokoni, naye aliondoka akaenda kumbebea Kimenyi. Wiki mbili zikapita bila mteja hata mmoja. Pulchérie aliogopa sana. Akiifunga ile meza, nani atamwita kwa jina tena?

Basi Jumanne iliyofuata, Pulchérie naye alizaa. Huko Goma alikunja vitenge sita, akavifunga mgongoni, akavivalisha kofia ya sufu. Kofia ilikuwa ya Ineza. Hakuwa na nyingine.

Forodhani siku hiyo alikuwepo ofisa mpya, Denyse, aliyekulia Tanzania. Denyse alikuwa mja mzito, na kila mtoto alimfurahisha.

"Hongera, mama. Anaitwa nani?"

"Ineza." Jina lilimtoka lenyewe.

"Jina zuri. Nami sina watu hapa. Unakaa wapi? Jumapili nitakuja kumhemba."

Kuhemba ni desturi yetu. Mtu akijifungua, majirani humpelekea maziwa na uji, wakamwona mtoto. Akilini Pulchérie alimwona Denyse mlangoni kwake na maziwa mkononi, na ndani hamna mtoto.

"Madame, usikuje," alisema. "Mutoto hakuna. Ineza alikufa. Hii iko vitenge tu."

Akafungua mgongo mbele ya watu wote, akalia. Denyse alimkalisha kwenye benchi, akamwachia muda. Kisha Pulchérie akaeleza yote, kuanzia daftari la Kimenyi.

"Kuuza kwa simu si kosa, mama," Denyse alisema. "Kosa ni kuficha bidhaa mpakani. Kilichoagizwa kwa simu na kilichobebwa kichwani, vyote hulipiwa ushuru. Yeye anauza rahisi kwa sababu anakwepa kile unacholipa wewe. Huo si ushindani wa haki."

"Na mi nifanye nini? Nikufe njaa na risiti yangu?"

"Zilete hapa risiti hizo, zituonyeshe ushuru wa kila mzigo. Ukiona mtu anakwepa, njoo utuambie. Usimwige. Ningekukamata umeficha, ungepoteza vitenge na kulipa faini. Lakini umesema mwenyewe kabla sijakukagua. Lipa ushuru, uende navyo."

Pulchérie alilipa. Kofia aliitia kifuani.

Kesho yake alirudi na kopo lake. Maofisa walizisoma risiti, wakaenda kibandani kwa Kimenyi, wakamwomba zake. Hakuwa nayo hata moja. Alilipa ushuru wote na faini. Siku za mwizi ni arobaini, ingawa Kimenyi alilalamika kwamba zake hazikufika thelathini. Kibanda hakikufungwa. Aliendelea kuagiza kwa simu, ila sasa vitenge vilipita forodhani, na bei yake ikawa kama ya sokoni.

Wateja wakarudi taratibu. Kampire naye alirudi, akafagia mbele ya meza zote mbili. Pulchérie alikuwa anabandika vipande vya vitenge katika daftari lake mwenyewe, maana akili nzuri huigwa hata ikitoka kwa Kimenyi. Wateja walichagua, naye akawaletea kila Jumanne, kwa risiti.

Baada ya miezi mitatu Denyse alijifungua binti. Pulchérie alikwenda kumhemba na maziwa, kitenge kipya na ile kofia ya sufu. Aliitoa mwisho.

Denyse alimvalisha mtoto kofia. Kisha akasema amechoka, hajalala siku nne, na kama mama hataona taabu, ambebe mtoto kidogo.

Pulchérie alimbeba mgongoni, akatoka nje, upande wa ziwa. Mtoto alikuwa mzito na wa moto, akampiga teke ubavuni. Jioni Denyse aliamka, akaja kumchukua.

"Ngojea kidogo," Pulchérie alisema. "Bado iko nalala."

Mtoto alikuwa macho kabisa, anatazama ziwa. Denyse aliuona uongo huo, akaupitisha bila ushuru.