Supu ya Bi Kunigunda

Kila asubuhi Ottilia na baba yake walitandaza vitambaa vya kitani kwenye majani, ukingoni mwa mto Mulde. Kazi ya ukoo wao ilikuwa kung'arisha kitani. Waliviloweka vitambaa kwa maji ya mto, wakaviacha vinywe jua, wakaviloweka tena, mpaka rangi ya udongo ikatoweka ukabaki weupe mtupu. Ukungu ulipotanda, hukujua vitambaa vinaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Ottilia, msichana wa miaka kumi na miwili, alipenda kusimama katikati ya weupe ule, ndoo mkononi, akiota macho wazi, hadi baba amwite mara ya pili.

Kazi ikiisha, bibi yake mzaa mama, Walpurga, alimpa mtungi wa supu ya njegere na kipande cha mkate. Ottilia alivuka daraja la mbao na kuvipeleka kwa Bi Kunigunda, mjane kipofu aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto.

"Wema hauozi, mjukuu wangu," Walpurga alizoea kumwambia. "Kila mtungi unaoupeleka, mama yako huko aliko anapanda kidato kimoja kumwendea Mungu."

Mama yake alikuwa amefariki kwa homa miaka mingi nyuma. Kwa hiyo Ottilia alipovuka daraja alimwona waziwazi ndani ya ukungu, amevaa nguo nyeupe, anapanda ngazi taratibu bila kugeuka. Siku nyingine msichana alikaza mwendo ili mama asichoke kungoja.

Miaka ile mahubiri mapya yalikuwa yakienea Saksonia yote, nchi ya Wajerumani, na mji wao ukapata mchungaji mpya, kijana aitwaye Valten. Jumapili moja alisema mimbarini, "Hakuna anayefika mbinguni kwa matendo yake. Si kwa kufunga, si kwa sadaka, wala kwa kuwalipia wafu misa. Wokovu ni zawadi, na zawadi hupokelewa kwa imani tu."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Walpurga aliuma midomo. Ottilia aliitazama ile ngazi ya moyoni mwake ikiyeyuka kidato baada ya kidato, mpaka mama hakuonekana tena.

Nje ya kanisa, rafiki yake Sabina, binti wa mwoka mikate, alimpiga kikumbo. "Umesikia? Umechakaza viatu bure. Na kesho utambebea tena yule kizee?"

"Bibi atanituma."

"Kutumwa si kufika," Sabina alisema, akaenda zake akicheka.

Kesho yake Ottilia hakuvuka daraja. Alikaa chini ya mierebi akainywa supu mwenyewe, mkate akawatupia mabata bukini. Kisha akalala chali akitazama mawingu yakipita. Mbingu haikunguruma. Aliporudi nyumbani, bibi aliuliza, "Kunigunda hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Uongo ule ulitoka laini kama uzi. Siku iliyofuata ulitoka laini zaidi, na baadaye Ottilia akaacha hata kuusikia. Siku zikawa zinampita kama usingizi.

Juma lilipokaribia kwisha, ukungu mzito ulishuka. Baba alikuwa amekwenda sokoni, na Ottilia alikuwa peke yake akinyunyizia vitambaa maji. Mara akaona umbo jeupe likija juu ya vitambaa, mikono imenyooshwa mbele, likitembea polepole bila sauti. Ndoo ikamponyoka.

"Mama?" alinong'ona.

Umbo halikujibu. Lilipinda likaelekea mtoni, na hapo ndipo Ottilia alipoona mguu mmoja hauna kiatu, na kanzu kuukuu iliyojaa matope. Alikuwa Bi Kunigunda. Hatua chache mbele yake ukingo ulikatika.

Ottilia alikimbia akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili juu ya kitani. Yule mwanamke alimpapasa uso kwa vidole vilivyoganda kwa baridi.

"Ni wewe," alisema. "Una joto. Hukuzama."

"Nizame wapi, Bi Kunigunda?"

"Sikusikia viatu vyako darajani siku zote hizi. Nikawaza, mtoto yule hawezi kuniacha, lazima mto umemchukua. Nikasema nije nimwambie Walpurga mkutafute. Fimbo imeniponyoka njiani."

"Umekula?"

"Nilikuwa na vitunguu. Hayo tuyaache."

Ottilia alimwinua, akamshika mkono, na machozi yakamtiririka njia nzima hadi nyumbani.

Walpurga alimlaza mgeni wake kando ya jiko, akamwita mchungaji aje amwombee, kwa maana kikohozi chake kilikuwa kibaya. Mbele yao wote Ottilia alisema kila kitu: supu, mabata, na uongo.

Walpurga akamgeukia Valten. "Umeona? Umewaambia watoto matendo si kitu, na kipofu amekaa na njaa."

"Na wewe, mama, ulimfundisha kubeba supu ili mtu apande ngazi," Valten alijibu, uso umempauka. "Ngazi ilipoondoka, supu nayo ikaondoka."

"Mimi sikukosa supu sana," Bi Kunigunda alisema kutoka kitandani. "Nilikosa sauti yake."

Valten alichuchumaa kando yake. "Ulivuka daraja bila macho, mama. Ulitumaini thawabu gani?"

"Thawabu? Nilikuwa namtafuta mtoto."

Kijana alimgeukia Ottilia akamwambia, "Jumapili nilisema kweli, lakini niliishia katikati. Nilisema upendo wa Mungu haununuliwi. Sikusema mtu aliyeupokea anafananaje. Anafanana na huyu. Hakuuliza kama unastahili, wala atapata nini. Amekuja tu. Imani iliyo hai ina miguu."

"Mimi bado nitamwombea binti yangu," Walpurga alisema.

Valten hakubishana naye. Alitoka nje akarudi na kuni.

Bi Kunigunda hakurudi kwenye kibanda chake majira yale ya baridi. Kikohozi kilimwacha polepole, akawa anakaa jikoni akimenya njegere kwa kugusa, haraka kuliko wenye macho. Valten alizoea kupita jioni, naye na Walpurga wakawa wanabishana juu ya wokovu, kila mmoja na aya zake.

Jioni moja, mchungaji alipokwisha kuaga, Ottilia aliuliza, "Bibi, nani kati yenu anasema kweli?"

Walpurga alifuta mikono kwenye aproni. "Ya mbinguni tutayajua tukifika. Lakini mwenye njaa hawezi kungoja tumalize ubishi. Tenda wema, wende zako, na usihesabu, nami nimekoma kukuhesabia vidato. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usiufunike uongo kwa uongo. Haya, mpelekee Kunigunda kitandani mkate wake ungali moto."