Mistari Mitatu Pajani

Inspekta alipofunua shuka kwenye chumba cha maiti, alijikuta anamwomba marehemu radhi kimoyomoyo. Zamani, mama huyu, muuguzi na mwalimu wa wauguzi hospitalini hapa, ndiye aliyembonyeza ukucha kila alipopata homa, akauachia na kuhesabu mpaka wekundu urudi. Inspekta alikuwa mtoto wa mfagiaji wa wodi wakati huo, mwenye kamasi na maswali mengi.

Aliyefungua jalada ni binti wa marehemu. Mama yake alilazwa asubuhi, maambukizi yakiwa yameshasambaa kwenye damu, akafa saa tisa alasiri. Hakuna aliyempigia simu binti mpaka dakika za mwisho, na alifika amechelewa. Walikuwa hawajasemezana miezi minane. Alitaka kujua jambo moja tu: mama alimuulizia, au hakumtaka?

Daktari kijana aliyemtibu alikuwa ameshasimamishwa kazi kwa uzembe.

"Hii nini?" Inspekta alimuuliza mhudumu.

Juu ya goti la kulia kulikuwa na mistari mitatu ya kalamu ya buluu, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarakimu yake: 4, 5, 7. Mhudumu alidhani ni vipimo vya masista. Inspekta akazunguka meza. Ukisimama miguuni, tarakimu zilikuwa kichwa chini. Ukisimama kichwani, zilisomeka sawasawa.

"Kaandika mwenyewe," alisema, "akiwa kitandani."

Akacheka, kisha machozi yakamlenga. Wanafunzi walimwita marehemu Mama Magoti, naye alijua na akaitika. Enzi hizo mashine zilikuwa chache, na yeye alifunua blanketi la kila mgonjwa. Madoa ya zambarau yakianza gotini na kupanda pajani, aliwaambia, damu haifiki tena sawasawa miguuni na mikononi. Presha hata ikisoma vizuri, msidanganyike.

Mtu wa namna hiyo asingeacha kujaza fomu ya vipimo. Inspekta akaenda wodini kutazama faili. Baada ya ukurasa wa nne ulifuata wa sita. Hata ile harufu ya dawa ya sakafu, ambayo baba yake alirudi nayo nyumbani, haikuwepo tena, na aliikosa kweli.

Daktari alieleza kwamba alimwacha mgonjwa na presha nzuri akaingia chumba cha upasuaji, na hakuitwa. Akabaki muuguzi mkuu, mwanafunzi wa zamani wa Mama Magoti.

"Mara ya mwisho ulimwangalia saa ngapi?"

"Saa saba."

"Presha?"

"Nzuri. Dawa ilikuwa inaishikilia."

"Mkojo?"

"Hakupata. Tangu saa nne."

"Ukucha?"

"Sikubonyeza."

"Magoti?"

"Afande, mashine ilionyesha..."

"Magoti, Sista."

"Sikufunua."

Inspekta akamwekea mezani picha ya ile mistari. Sista akafungua mkoba wake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Aliniomba kalamu na fomu," alisema. "Nikadhani anajichangamsha tu, nikamwachia. Alidhani bado tunasoma fomu kila saa, kama alivyotufundisha. Mimi niliisoma karibu na saa tisa. Nikakimbilia simu, lakini akakata roho kabla binti hajafika."

"Ukaificha usifukuzwe."

"Wanifukuze tu. Nilimwona yule binti anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi. Ningempaje karatasi inayosema mama yake alimngoja saa mbili nzima, na mimi nilikuwa hatua kumi tu?"

"Na daktari aliyesimamishwa je?"

Sista akainamisha kichwa. Akamsogezea Inspekta karatasi.

Inspekta alimpelekea binti karatasi mwenyewe. Mwandiko ulianza umenyooka, ukaishia unayumba.

"Saa nne: madoa ukingoni mwa goti, ukucha sekunde nne. Saa tano: yamepanda, sekunde sita. Saa saba: yamefika katikati ya paja, sekunde nane. Sitafika jioni. Mwiteni binti yangu, aje nikiwa bado na akili zangu."

Binti alisoma, akakaa chini sakafuni. Inspekta akaanza kumweleza kuhusu Sista, hatua zitakazofuata na daktari kurudishwa kazini. Hakusikilizwa.

"Aliniita," binti alisema. Akaipitia karatasi tena mpaka mwisho, analia na kutabasamu kwa pamoja. "Mama aliniita."