Pipa Lililosimama Mvuani

Mjinga wa siku ile alikuwa Balagizi, fundi wa boti, na yeye mwenyewe hakatai. Anakiri kabla hujamaliza kuuliza.

Katikati ya Ziwa Kivu, Goma ikiwa mstari nyuma na Idjwi kivuli mbele, injini ya boti ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Upepo ulikuwa ukingoja hilo tu. Wimbi la kwanza liliwalowesha, la pili likajaza maji hadi vifundoni. Mapipa sita ya mazutu, dizeli ya maternite, wodi ya wazazi ya kisiwani, yakaanza kugongana. Jenereta ya huko ilibakiza mafuta ya kufika jioni, na watoto wawili waliozaliwa kabla ya miezi kutimia walikuwa wakipumulia mashine yake.

“Injini iko na nini, Papa Balagizi?” nahodha Cirimwami alipaza sauti, akichota maji kwa mkono mmoja.

“Uzee tu!”

Alijua anadanganya. Tangu Mama Émérance apewe ghala la mafuta la hospitali pale Goma, kazi aliyoiota yeye miaka minane, wivu ulikuwa ukimla kama mchwa. Yule mama wa Butembo alilaza mapipa yake ubavu chini ya paa, kila Jumatatu alitoa maji yaliyotuama chini ya tangi, na mazutu aliyachuja kama uji wa mtoto. Wakubwa wakamsifu. Basi Balagizi akalisimamisha pipa la boti wima uani, kusudi asionekane anamwiga. Mvua ikatuama juu ya kifuniko, baridi ya usiku ikaifyonza ndani ya pipa tone kwa tone. Asubuhi ile akamimina yote kwenye tangi la injini bila kuchungulia.

Émérance, aliyekuwa botini akiyasindikiza mapipa, alifungua koki ya chini ya tangi, akakinga chupa. Maji chini, mazutu juu, kama mawifi walionuniana.

“Hili pipa ulilaza wapi?”

“Sikulilaza.”

Hakumcheka. Hilo likamchoma kuliko tusi.

Upepo uliwasukuma saa baada ya saa, hadi miamba ikaonekana, weusi wake ukirambwa na povu. Balagizi alimwaga tangi lote kwenye madumu. Émérance akafungua pipa moja la maternite, akayachuja mafuta tangini kupitia kitambaa chake. Wimbi likapokonya spana. Fundi akakaza kichungi kipya kwa vidole vitupu mpaka ngozi ikachunika, kisha akapiga pampu ya mkono.

“Bado kuna hewa, Papa. Povu likiisha ndiyo ufunge skrubu.”

Aliyajua hayo tangu ujana. Lakini alijikuta akingoja aambiwe, na kwa mara ya kwanza hakukunja uso.

“Sasa!”

Injini ikanguruma. Mwamba ukapita karibu hata mtu angeweza kuupiga kofi.

Walifika saa kumi na moja jioni. Muuguzi Gisèle alikuja mbio mpaka majini, akamkumbatia Émérance, “Mwokozi wetu!” Balagizi akapitwa kama nguzo. Wivu, uliodhaniwa umezama, ukaibuka ukiwa mkavu kabisa.

“Na mimi je?” alifoka, akiinua vidole vyenye damu. “Bila hii mikono, leo tungelala ziwani!”

Émérance aliushika mkono ule, akaanza kuufunga kwa ncha ya kitenge chake.

“Bila hii mikono, Papa, tungefika saa sita mchana.”