Kinasa Sauti Hakikuficha Kitu

Kila asubuhi nyumba ya kina Tuhfa, pale Ngamiani, huamka na kelele zake. Shangazi anakuna nazi huku akimsimulia jirani harusi ya juzi, wapangaji wa uani wanagombania ndoo, na barazani yupo mgeni aliyepita kusalimia tu, sasa yuko kikombe cha pili cha chai. Tuhfa, msichana wa darasa la sita, alizaliwa katika kelele hizo na hazikuwahi kumsumbua, mpaka wiki ile alipokabidhiwa kinasa sauti cha shule.

"Nyamazeni basi, dakika moja tu!" alilalama Jumamosi hiyo, kifaa amekielekeza juu ya paa walikotua ndege.

"Heh! Tunyamaze ndani ya nyumba yetu?" Shangazi alicheka mpaka mbuzi ya nazi ikatikisika. "Ukitaka kimya, mwanangu, kahamie makaburini."

Tuhfa akakizima kifaa kwa hasira. Watu wa Tanga hawa! Kipindi cha watoto cha redio kilikuwa kimeiomba klabu yao ya mazingira sauti ya pwani, dakika mbili tu, isiyo na mtu wala injini ndani yake. Yeye na rafiki yake Consolata wamehangaika siku tano. Ufukweni, upepo ulisikika kama gunia linaloburutwa. Bustanini, pikipiki. Bandarini, ndiyo usiseme. Kazi ilitakiwa Jumatatu, na wakiikosa, nafasi ile itapewa shule nyingine.

Ndiyo maana asubuhi hiyo mlezi wa klabu, Mwalimu Wilfred, aliwapakia kwenye gari lake hadi Mtondooni, kijiji cha mikoko upande wa Pangani. Maji yakipwa huko, matope hutatarika kama bisi zinazopasuka sufuriani.

"Saa tano maji yataanza kurudi," aliwaonya. "Mimi napita kwa mwenyekiti kutoa taarifa. Ninyi mkikutana na watu, salimieni, mjitambulishe."

Tuhfa alishakwenda. Sikio moja tu ndilo lililosikia.

Walisimama ukingoni mwa mikoko, upepo ukawapiga usoni. Consolata akavua soksi na kuivisha maikrofoni.

"Mh! Inanuka!" Tuhfa akaziba pua.

"Maikrofoni haina pua. Wewe rekodi."

Soksi ilisaidia. Tuhfa alivaa hedifoni, akasikia matope yanaanza kutatarika, kidogo kidogo, kisha kila upande. Kaa walikuwa wanakwaruza. Sekunde thelathini. Hamsini. Dakika nzima!

Hapo ndipo walipotokea wanawake waliokuwa wakitoka kuvuna mwani, magunia yakiwachuruzika maji mgongoni. Aliyetangulia ni mwanamke wa makamo ya bibi yake, kwa jina Bi Kazija.

"Hamjambo wajukuu zangu?"

Tuhfa hata hakugeuka. Aliweka kidole mdomoni. "Shhh!"

Consolata alifungua mdomo aitikie salamu. Tuhfa akamkanyaga mguu.

Wanawake wote wakasimama. Bi Kazija akalitua gunia lake taratibu.

"Nyie, mmesikia? Nimeambiwa ninyamaze. Mie! Kwetu!"

"Hata shikamoo hana!"

"Mtoto wa mjini huyo. Labda kwao hakuna wazee."

"Ngoja basi tumnyamazie," alisema mwingine, akapiga makofi. Wote wakaanza kuongea kwa pamoja, kwa sauti za juu kabisa, mpaka kaa wakakimbilia mashimoni. Walipochoka wakabeba magunia yao, wakaenda zao.

Tuhfa alikimbia kwa ghadhabu mpaka ofisi ya kijiji, Consolata akichechemea nyuma yake.

"Mwalimu, wametuharibia makusudi! Sisi tuko kimya zetu, hatujamsemesha mtu, wakaja kutupigia kelele na kututukana!"

Mwalimu Wilfred aliinuka, uso umebadilika. Mwenyekiti, Mzee Mwinyijuma, akaivua miwani yake. "Wanawake wa hapa wawatukane watoto wageni? Haiwezekani. Hebu na mimi niwasikie."

Mwalimu akakichukua kinasa sauti na kukibonyeza.

Matope yakatatarika ofisini, safi kabisa. Kisha: "Hamjambo wajukuu zangu?" Kisha: "Shhh!" Kisha sauti ya Consolata: "Aii!"

Mwalimu akakizima. Consolata alitazama soksi iliyobaki mguuni mwake. Tuhfa alitamani sakafu ipasuke.

"Umesema hamkumsemesha mtu," alisema Mwalimu. "Ni kweli. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ndilo ulilonificha. Nilikuwa nakwenda kugombana na watu kwa ajili yako."

"Lakini Mwalimu, ningeitikia, sauti yangu ingeingia!"

"Ingeingia. Ungefuta, ungeanza upya. Sasa huyo mama utamfutaje?"

Tuhfa akaelekea mlangoni kumtafuta Bi Kazija, Mwalimu na Consolata wakamfuata. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Walimkuta Bi Kazija akitandaza mwani juu ya chanja, wenzake wakiwa wamemzunguka. Habari ilikuwa imeshafika kila kizingiti cha kijiji.

"Shikamoo, bibi."

Bi Kazija akageuza fungu jingine la mwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe sauti unayo?" Bi Kazija hakuinua macho. "Mwaka huu ninyi ni wa tatu. Wanakuja na vidude vyao, wanazikanyaga kamba zetu za mwani, kisha wanatuashiria tupishe, ati tunawaharibia picha. Sisi! Tunaharibu picha ya pwani yetu wenyewe! Tunaamka alfajiri, tunashinda majini, halafu mtoto asiye na haya anatufukuza kama kuku."

Tuhfa alisikia machozi yakimlenga. "Nilikunyamazisha, bibi. Kisha nikamwambia mwalimu ninyi ndio mlioanza. Nilisema uongo. Nisamehe."

"Hilo la pili mbona sikukuuliza?"

"Nimelisema mbele ya mwenyekiti. Ungelisikia tu kabla ya adhuhuri."

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Kazija alijizuia, akashindwa.

"Angalau unakijua kijiji. Haya, nimesamehe. Nani kawaambia mkasimame njia ya pikipiki, tena kwenye upepo?"

"Hatukuuliza mtu."

"Ndiyo hivyo. Nifuateni upesi, maji hayamngoji mtu."

Aliwapitisha hadi nyuma ya mikoko mikubwa, ambako hata unyoya haukupeperuka. Njiani alimkuta kijana anawasha pikipiki. "Wee Abass, zima! Tuwape watoto dakika mbili." Wanawake wenzake walifuata na kusimama nyuma, midomo wameiziba kwa khanga wasicheke. Tuhfa hakuwahi kuona wanawake kumi wa pwani wako pamoja na hakuna asemaye neno.

Akabonyeza. Matope yakapasuka-pasuka huku na huko. Kaa wakakwaruza, ndege mmoja akalia mbali. Dakika mbili na sekunde chache baadaye, maji yalimgusa vidole vya miguu.

"Tayari!" alisema.

"Alhamdulillahi!" Bi Kazija alipumua. "Mie nilishaanza kuvimba kwa maneno."

Kelele zikarudi zote kwa mpigo. Mwalimu Wilfred alimshika Tuhfa bega.

"Kimya hicho hamkukiokota, mmepewa na watu, baada ya kuwasalimia na kuwaomba. Na siku nyingine ukija kushtaki, anza na kosa lako. Ukisimulia nusu inayokupendeza na kuificha nyingine, huo ni uongo kamili."

"Ndiyo, Mwalimu."

Tuhfa akachukua daftari, akawapitia wanawake mmoja mmoja akiwauliza majina yao, ili redio iwashukuru hewani. Alipoandika la kumi, Bi Kazija alichungulia juu ya bega lake.

"Muongeze na Abass," alisema. "Tangu ainunue hiyo pikipiki, leo ndiyo mara ya kwanza kaizima alipoambiwa."