Nilimfundisha Kumchukua Kavindu

"Javan, mwanamke akiwa na mchumba wake, na huyo mchumba hana mbele wala nyuma, unamtoa vipi bila kelele?"

Tulikuwa shimo la kumi na moja. Mfuko wa Bwana Muindi ulikuwa begani kwangu na mpira wake ulikuwa umelala vizuri kwenye nyasi. Nikachomoa fimbo namba nane, nikampa, nikamjibu hata bila kumtazama.

"Usimtoe wewe, bosi. Mwache ajitoe mwenyewe. Mfanye aone aibu kuonekana na huyo jamaa."

Akacheka, akapiga. Mpira ukatua karibu kabisa na bendera.

"Wewe ungekuwa mwalimu," akaniambia.

Na mimi, mjinga nisiye na dawa, nikafurahi.

Hii ilikuwa Jumamosi ya fainali, mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa kedi kwa miaka kumi na mmoja, kazi yangu ni kubeba mifuko ya gofu ya wakubwa na kuwaambia wapige wapi. Klabu siitaji jina, wenyewe wanajijua. Imekaa kando ya mto, mto ule ule unaofika kwetu mtaani Mowlem ukiwa mweusi na harufu yake, lakini kule juu umepandiwa miti na maua utadhani si wenyewe. Mashimo tisa ya mwisho unayacheza ukiuogopa. Mara uko kushoto, mara uko mbele yako, na ardhi yote inateremkia huko hata pale macho yanapokwambia ni tambarare. Mtu anaweza kuwa fundi namna gani, pale hashindi mpaka akubali kumsikiliza kedi wake. Nami nilikuwa nasikilizwa. Niliringa nayo, sikatai.

Kavindu alikuwa mchumba wangu wa miaka mitatu. Alikuwa anauza nguo za watoto sokoni Gikomba, mitumba safi, na alikuwa na mkono wa kulijua shati zuri kwa kuligusa tu. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu huko mbele mtanichukia na mtasahau hilo. Tulikuwa tumepanga harusi ya Agosti, ingawa mama yake hakunichangamkia. Alitaka Mkamba mwenzao, mtu wa ofisi, si Mluhya wa kubebea watu mizigo.

Sasa huyu Muindi. Meneja wa bima, miaka arobaini na kitu, soksi nyeupe mpaka magotini. Mwezi mmoja kabla ya fainali alimwambia msimamizi wa makedi kwamba hataki kedi mwingine ila Javan. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani sifa zangu zimeenea.

Basi mwezi mzima, tukitembea kutoka mpira mmoja hadi mwingine, alinieleza habari za msichana fulani anayemtaka. Hakumtaja jina. Nami nikamwaga hekima. Nilimwambia zawadi usimpe msichana, mpe mama yake. Nikamwambia hoteli za mjini achana nazo, nenda kanisani kwao ukae benchi la nyuma, mama akuone umefunga macho. Nikamwambia msichana wa biashara ukimsifu macho atakucheka, msifu anavyopanga meza yake. Kila Jumamosi alikuja na ripoti. Imefanya kazi, Javan. Ile nayo imefanya kazi, Javan.

Makedi wenzangu wakaanza kunitania, "Niaje, daktari wa mapenzi?" Mimi nikaitika. Nilidhani nawajua wanawake. Kumbe nilimjua mmoja, na yote niliyosema nilikuwa natoa kwake.

Shimo la kumi na mbili Muindi alilishinda pia. Sasa alikuwa anamzidi mpinzani wake, mzee Zedekiah, karani mstaafu wa mahakama, kwa mashimo mawili. Tukawa tunavuka nyasi, yeye mbele, roho yake nyeupe.

"Mama mtu amekubali," akasema. "Ni lile wazo lako la kumpa mama zawadi. Nikamnunulia jiko la gesi, la buluu, lile la kuwasha pande mbili. Nasikia alilia."

Nikacheka naye. Halafu nikalikumbuka jiko lenyewe.

Wiki mbili kabla ya hapo Kavindu alikuwa ameniomba niende steji ya basi nikamchukulie katoni. Alisema ni mjomba wake wa Machakos, huyo huyo aliyekuwa akipiga simu kwenye duka la Opiyo pale Mowlem, na mimi nikawa naitwa niende nikamwite Kavindu haraka kabla mjomba hajakata. Nililibeba katoni lile begani mpaka orofa ya tatu. Nilifungua mimi, nikaunganisha mtungi mimi, nikalijaribu kama linawaka. Jiko la buluu, pande mbili. Mama Kavindu akalia, na mimi nikamwambia, "Mama, Mungu ni mwema." Chai ya kwanza iliyochemka pale niliinywa mimi.

Shimo la kumi na tatu nilimtajia fimbo kama kawaida. Waligawana lile, hakuna aliyeshinda. Tulipotoka pale nikamuuliza.

"Bosi, huyo msichana anaitwa nani?"

Muindi akasimama. Akanitazama taratibu, kama mtu anayekadiria umbali.

"Jina lake unalijua."

"Nataka ulitaje."

"Kavindu," akasema. "Aliniambia ana mchumba, kedi wa huku mtoni. Nikasema basi, nani mwingine atanifundisha? Nikakuomba kwa jina."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Na hujanikosea hata mara moja, Javan. Haya, twende, mzee anangoja. Kavindu mwenyewe atakuwa shimo la mwisho, nimemwalika aje aone ninavyochukua kombe."

Mtaniuliza kwa nini sikuutupa ule mfuko mtoni. Kedi akiacha mfuko katikati ya mchezo anafutwa siku hiyo hiyo, asikanyage pale tena. Lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba nilitaka kufika shimo la mwisho. Nilitaka Kavindu aniangalie usoni.

Shimo la kumi na nne ndilo linalowatoa watu jasho. Unasimama upande huu wa mto, na grini, ile nyasi fupi yenye shimo na bendera, iko ng'ambo. Hakuna njia ya kuzunguka. Ukipiga fupi, maji. Ukipiga ndefu sana, mpira unapotelea vichakani. Muindi akanyoosha mkono.

"Namba gani?"

Nilitaka kumdanganya. Naapa nilitaka. Lakini miaka kumi na mmoja ya kazi ilikuwa imeshaukalia ulimi wangu.

"Tano," nikasema. Na ilikuwa tano kweli; namba ikiwa ndogo, mpira unaenda mbali zaidi.

Akaitazama fimbo. Akanitazama. Nikaona jambo linamwingia kichwani.

"Unataka niupeleke vichakani," akasema. "Nipe saba."

Nikampa saba. Mpira ukapanda vizuri, ukaanguka katikati ya mto. Mzee Zedekiah akapiga wake, ukavuka, na shimo likawa lake.

Hapo nikaelewa nimepewa nini. Shimo la kumi na tano nikamwambia auelekeze mpira kulia, kwa sababu kila kitu pale kinaserereka kuelekea mtoni. Akauelekeza kushoto. Mto ukaumeza. La kumi na sita alipiga chafya wakati mzee anapiga, wakagawana. La kumi na saba alikuwa grini, hatua tatu tu kutoka shimoni, nikamwambia, "Mpira utakata kushoto, bosi, usidanganywe na macho." Akanikazia macho, akaupiga moja kwa moja, ukakata kushoto. Sikusema neno la uongo tangu mchezo ulipoanza, na tangu shimo la kumi na nne sikuaminiwa hata moja. Utamu wake ulikuwa mkali. Nilitembea nikiuramba.

Alipoona mzee amemzidi kwa shimo moja na limebaki moja tu, akanivuta kando.

"Unadhani nikikosa kombe nimemkosa na yeye?"

"Mimi sidhani kitu, bosi."

"Nisikilize. Mimi nina mke kule kwetu, mji wa Wote. Pete ya kanisa, watoto watatu. Huyu wako ni wa Nairobi tu, wa kunitunzia nyumba pale Njiru ninapojenga. Wewe ulimtaka awe mke, ukamkosa. Mimi nimemtaka awe mpishi, nimempata. Sasa nibebee mfuko."

Nikambebea.

Shimo la mwisho waligawana, na kombe likaenda kwa mzee Zedekiah. Kavindu alikuwa amesimama kwenye kivuli karibu na ofisi, na gauni alilovaa halikuwa mtumba. Kitambaa nakijua, alinifundisha yeye mwenyewe. Muindi akamwambia angoje, akaingia ndani kuoga. Mimi nikaenda kwenye bomba kuosha fimbo. Kavindu akanifuata.

"Nilitaka uyasikie kwa mdomo wangu," akasema.

"Umechelewa. Nimeyasikia tangu shimo la kumi na tatu."

Hakulia. Ningefurahi angalau alie.

"Javan, nimengoja miaka mitatu upate kazi inayotajika. Nikisimama na wewe kanisani, watu wanampa mama pole. Nimechoka kupewa pole na mimi sijafiwa."

Maneno yalikuwa yake, lakini aibu ile ndiyo niliyomshauri Muindi aipande, kumbe ilikuwa imeshaota. Nikaendelea kuosha fimbo namba saba ambayo haikuwa na tope.

"Jiko ulinibebesha mimi," nikasema.

"Lilikuwa zito."

Jibu lake lilikuwa hilo tu. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Kuna mama mmoja Gikomba anasema huyu mtu ana mke kwao. Mwenyewe amekataa. Wewe umetembea naye mwezi mzima, na wanaume hamfichani. Nakuomba, kama uliwahi kunipenda. Ana mke?"

Nikafunga bomba. Nikamwangalia uso wote, ule uso niliotaka unitazame, na sasa ulikuwa unanitazama kweli. Lilinijia jina la mji wa Wote, likafika mpaka kwenye meno. Halafu nikamwona tena siku ile ya jiko, akipanda orofa ya tatu nyuma yangu, mikono mitupu, akiniambia nisilikwaruze. Nilimchukia. Nilimchukia kwa nguvu zote nilizokuwa nimempenda nazo, na nguvu hizo zilikuwa nyingi.

"Hana," nikasema. "Yuko peke yake. Tukitembea huko ni wewe tu anayekutaja."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono kidogo, akasema asante. Hakuwa na shaka hata chembe.

Septemba alihamia Njiru. Harusi ya kanisa Muindi aliiahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya paa, mara ya pili kwa sababu ya safari ya kikazi, na kufikia mara ya tatu Kavindu alikuwa mja mzito na hakuuliza tena. Desemba shule zilipofungwa, lori lilikuja kutoka Wote na vitanda, magunia ya mahindi, watoto watatu, na mke mwenyewe, Nthoki. Wanasema hakupiga kelele. Alimwomba Kavindu amwonyeshe vyombo viko wapi, akaonyeshwa, kisha akamtolea begi lake nje na kumshukuru kwa kutunza nyumba. Muindi alikuwa kwenye gari, anasoma gazeti.

Habari hizo nilizipata dukani kwa Opiyo. Siku hiyo nilikula vizuri. Hata hamu ya kuimba ilinirudia. Kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mowlem.

Siku ya nne, saa sita mchana, Kavindu alikuwa kwenye lango la makedi. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja, wakatuacha.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Alikuwa ameniambia muda mfupi tu kabla hujaniuliza."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yangu tayari, makali, ya miezi sita.

"Watu wengi waliniambia," akasema. "Yule mama wa Gikomba. Binamu yangu wa Wote. Hata mchungaji aliniita ofisini, akaniuliza kama nina hakika. Kila mmoja nilimjibu neno moja. Niliwaambia, nimemuuliza Javan, na Javan hajawahi kunidanganya."

 Sijawahi kujisikia mchafu namna ile, hata siku nilizoingia mtoni kutafuta mipira ya watu. Nilikuwa bado nampenda. Lilinijia wazi hapo langoni, na ningeweza kulisema.

Ndipo akaniuliza kama najua mahali pa kupanga chumba huku Mowlem, kwa sababu mama yake amebadilisha kufuli na hataki kumwona kanisani.

Nilijua vyumba vitatu vilivyokuwa wazi. Kimoja kilikuwa mlango wa pili kutoka kwangu.

"Sijui," nikamwambia, na hilo nalo akaliamini.